Viwavi wa Mtondoro wa Mpakani

Shule niliacha darasa la tatu. Nimebeba magunia Tandale mpaka nikanunua kiwanja huku Mbezi Luis, na mtondoro wake mmoja, mti wa porini, nikamkataza fundi asiuguse. Kwetu Mpanda mtondoro ukishika viwavi ni mboga, tena mboga ya wageni.

Mwaka huu ukashika. Tatizo, uko mpakani, nusu ya matawi yako kwa jirani yangu, mama wa Kipwani mwenye duka, na viwavi wakawa wanaangukia nguo zake kambani. Akaja na bomba la kupulizia dawa.

"Shikamoo mzee. Leo napuliza."

"Marahaba. Unapuliza mboga yangu?"

"Mboga gani! Vidudu vitatu vinne."

"Wanajaza sufuria kubwa, ile ya ubwabwa wa shughuli."

Akacheka. "Haya, chuma kesho. Wakijaza, sipulizi tena. Wasipojaza, mti tunaukata."

Alidhani naropoka. Mie viwavi siwatafuti juu, wana rangi ya majani. Nilishatandika shuka jeupe chini, nikalihamisha kila upande, nikatazama mavi yao. Upande wa jua shuka lilikuwa kama limemwagiwa pilipili manga. Upande wa tenki lake la maji, halikuchafuka. Ukitandika upande wa jua tu utadhani mti mzima uko hivyo. Nikajumlisha kichwani, nikapata sufuria moja.

Kesho yake nikachuma, yeye kwenye kigoda ananikodolea. Wale wa juu kabisa niliwaacha, ndio mbegu. Sufuria ikajaa mpaka wakawa wanatambaa ukingoni. Nikawakamua matumbo, nikachemsha na chumvi. Kufunua: wamesinyaa, sufuria nusu.

Kaka yake, aliyekuja kushuhudia, akadakia, "Nusu hiyo, mzee! Niende kwa mwenye msumeno?"

"Kwani mchicha wenu hausinyai?"

"Mlikubaliana ijae!"

Kweli, hatukusema wabichi au wameiva. Nikausogelea mti wangu, nikauegemea.

Yule mama akainuka, akamwambia kaka yake. "Mie wadudu sili, kwetu si halali. Na uongo pia si halali. Nimeiona imejaa. Rudisha hilo bomba dukani."

Kisha akanigeukia, "Na nguo zangu je?"

Nikamhamishia kamba karibu na tenki. Wiki nzima, nguo safi.

"Umejuaje kama huku hawaanguki?"

"Nilitandika shuka hapa."

"Uani kwangu? Lini?"

"Ulipokuwa dukani."

"Bila hodi, mzee?"

"Marahaba," nikamjibu, kama vile ameniamkia, nikaenda zangu kula.