Mtu Huogeshwa

Mtaani walimwita Karafumaiti, na walidhani hajui. Alijua tangu zamani. Angekosaje kujua, wakati kila akipita kwenye kibanda cha muuza mkaa wanaume waliokaa pale walianza kukohoa na kushika pua, kisha wakampa heshima zake zote: "Shikamoo, mama." Salamu walimpa, mkono hawakumpa. Aliwaitikia marahaba, na moyoni akasema, zibeni pua zenu mtakavyo, siku moja mtaletwa kwangu mmelala chali.

Kazi yake ilikuwa kuosha maiti katika hospitali kubwa. Si kazi ya kujitapia harusini, lakini kazi mbaya si mchezo mwema, na huo mchezo mwema haukuwahi kumpikia hata uji. Chumba chenyewe kilikuwa na meza ya saruji yenye mfereji katikati, mpira wa maji uliofungwa kitambaa pale ulipotoboka, ndoo mbili, kata, na dirisha lililo juu mno kuonyesha chochote. Kila dini ilipita pale na maji yake. Hawa walitaka marehemu aanziwe upande wa kulia, na maji ya mwisho yatiwe karafumaiti. Wale waliomba apanguswe tu kwa maji ya uvuguvugu huku wakiimba kwa sauti ya chini. Kuna mzee alikuja na kichupa cha maji ya mto wa kwao, akataka tone moja liingie midomoni mwa mkewe, basi, hakutaka kingine. Wengine hawakuondoka mpaka wamenawa pale mlangoni, wasije wakafika na kifo majumbani mwao.

Yeye aliwasaidia wote. Wasio na ndugu aliwaosha peke yake, na hao ndio aliozungumza nao zaidi. "Nakugeuza sasa, baba. Vumilia kidogo. Maji si baridi." Miaka ilivyokwenda, aliacha kujiuliza nani ana maji ya kweli na nani hana. Aliona tu kwamba hakuna anayekubali mtu wake aondoke mchafu, na hilo lilimtosha.

Kazini basi hakuwa na neno. Nyumbani ndiko kulikomshinda.

Mama yake alikuwa dobi tangu ujana wake, mwanamke wa vidole vilivyokunjamana na ulimi ulionyooka kuliko kola alizopiga pasi. Kwake kila usafi ulikuwa na neno lake, na ole wako ukosee. Nguo unafua, sufuria unasugua, mikono unanawa, mwili unaoga. Binti akiwa mdogo alipata kusema, "Mama, nimeosha mikono," akaulizwa, "Kwani mikono yako sahani?" na akarudishwa bombani akanawe upya, safari hii kwa neno lake.

Sasa dobi huyo alikuwa kitandani, upande mmoja wa mwili umepooza. Aliyekuwa akimwogesha ni mkwewe, mke wa mtoto wake wa kiume. Kisha mtoto huyo akahamishwa kikazi, na mkewe akafungasha akamfuata, ndivyo ndoa zilivyo. Akaombwa mama wa nyumba ya pili. Huyo hakumaliza hata wiki. Alirudisha ufunguo akisema, "Mama yenu kapooza mwili tu, ulimi mzima kabisa."

Akabaki binti. Na mama akakataa katakata.

"Mikono hiyo imetoka wapi?" aliuliza kila jioni, macho ukutani.

"Mama, nimeoga kazini. Nimeoga tena hapo uani kwa sabuni na ndimu. Nguo nimebadili."

"Sikuuliza umeoga mara ngapi. Nimeuliza imetoka wapi."

"Mbona uji unakunywa? Nimeukoroga kwa mikono hii hii."

"Uji umechemka."

Utamjibu nini mtu kama huyo? Akafunikwa hivyo hivyo, na jasho lake, na harufu ambayo binti aliitambua kuliko yeyote pale mtaani. Muuguzi wa zahanati alipopita kumtazama, alifunua nyongani, akafunika, akamvuta binti hadi nje ya mlango.

"Dada, kile kidonda kinachimba. Asipoogeshwa kila siku, akageuzwa na kukaushwa, kitafika mfupani. Kikifika huko usiniite mimi. Utawaita wenzako wa kazini."

Alisema bila ubaya, naye pia amechoka. Lakini neno hilo lilikaa kifuani mwa binti kama mwiba wa samaki. Aliosha mama za watu siku nzima, na mama yake mwenyewe alikuwa anaoza chumba cha pili.

Siku iliyofuata maiti walikuwa wengi kazini kuliko kawaida, na msaidizi wake hakuja. Alirudi jua likizama, hoi bin taabani, akaoga uani akiwa amekaa kwa sababu miguu iligoma. Aliingia kwa mama, akaketi kwenye kigoda, na badala ya kubembeleza akaanza kulia. Hakulia kwa madaha. Alilia na makamasi, kama mtoto.

"Nimechoka, mama. Watu nisiowajua wananiachia mama zao, wanasema tutunzie, na wananishukuru. Wewe uliyenizaa unaninyima mgongo wako. Kidonda kitakuua, na mimi nipo hapa, ninajua cha kufanya, na unanikatalia. Sina nguvu tena."

 Mama akageuza uso kutoka ukutani.

"Sikukatai wewe," alisema. "Naogopa. Ukinishika, nitajua itakavyokuwa siku ile. Sitaki kujua mapema."

Binti hakuwahi kumsikia mama yake akisema anaogopa kitu. Walitazamana, kila mmoja akiona haya kwa ajili ya mwenzake.

"Haya, lete maji," mama akasema. "Yawe ya moto. Nisipewe yale ya wateja wako."

Binti aliyapima kwa kiwiko. Akatandaza shuka la mpira, akamsitiri kwa khanga, akaanza: mkono wa kulia, kwapa, ubavu, akifunua sehemu na kuifunika kabla ya kufunua nyingine. Maji aliyamimina polepole. Alipofika kwenye kidonda alipita pembeni yake kwa pamba, taratibu, na mama hakuguna. Alimgeuza kwa namna ambayo hata kitanda hakikulia. Akamkausha kila mkunjo. Mama alikuwa amefumba macho, uso umelegea kwa raha, na chumba kilinuka sabuni tu.

Hapo uchovu ukamchukua binti. Akili ilishalala, mikono ikaendelea na kazi iliyoizoea. Ilinyoosha miguu, ikailinganisha. Ikalaza mikono ubavuni. Ikachukua khanga safi, ikaivuta kutoka miguuni hadi kifuani, hadi kidevuni, ikapitiliza usoni, ikachomeka ncha nyuma ya kichwa. Kisha akarudi hatua moja na kuinua ndoo.

"Mwanangu," sauti ikatoka ndani ya khanga, "kabla hujanifunga, nilikuwa nataka chai."

Ndoo ikaanguka, maji yakatapakaa chumba kizima. Alimfunua mama haraka. "Nisamehe, mama! Nisamehe! Si mimi, ni mikono, mikono tu..."

Mama alikuwa anacheka, kwa ule upande wa mdomo uliobaki mzima. Kisha akaacha.

"Umeniosha," alisema.

"Nimekuogesha, mama."

"Usinifundishe maneno. Umeanza upande wa kulia, umeniosha." Akaitazama ile khanga. "Ndivyo wanavyofanyiwa wote? Polepole hivyo?"

"Wote."

"Hata asiye na mtu?"

"Huyo ndiye namwambia kabisa kwamba maji si baridi."

Mama alivuta pumzi, na machozi yakamtoka bila yeye kuyajali. "Basi sina hofu tena. Siku yangu ikifika, usimwachie mtu mwingine. Lakini kesho bado mimi ni mzima. Uanze kushoto, na uso uuache wazi."

"Nimesikia."

"Sasa leta beseni. Na hiyo mikono yako."

Binti hakuelewa, lakini alileta. Mama akashika sabuni kwa mkono wake mmoja mzima, akaanza kumsugua kidole kimoja kimoja, na katikati ya vidole, kwa ule ustadi aliosugulia kola za watu. Ilikuwa miaka tangu mtu aishike ile mikono. Binti akajaribu kutania.

"Mwosha huoshwa," alisema.

"Nyamaza," mama akamwambia, bila kuacha kusugua. "Maiti ndiye huoshwa. Wewe nakunawisha."