Mama Chanuo, Msusi Aliyeita Milango Yote

Alizaliwa katika chumba kimoja nyuma ya soko, asubuhi ya siku ya gulio, kelele za wauzaji zikiwa zimepanda hadi mkunga ikambidi apaze sauti ili mzazi amsikie. Alikuwa kitinda mimba katika nyumba ya mabinti pekee. Mama yake alizoea kusimulia kwamba mtoto huyu hakulia alipotoka. Aligeuza shingo kwanza kuangalia nani na nani wamekuja. Jina la ubatizo alikuwa nalo, zuri tu, lakini hakuna aliyelitumia. Tangu alipoanza kuchomeka chanuo la mti nywelini, watu wote, padre akiwemo, walimwita Mama Chanuo, ingawa hakuwa mama wa mtu yeyote, na sisi tutamwita hivyo hivyo.

Utotoni hakuonyesha dalili kubwa za utakatifu, na tusimpake rangi ambayo hakuwa nayo. Akitumwa chumvi alirudi bila chumvi, ila na habari za mtaa mzima: nani kaposwa, nani kafungasha karudi kwao, nani kanunua godoro jipya na kwa nini. Shangazi yake, aliyekuwa msusi, alimchukua akamfundisha kazi, naye akaishika upesi, kwa kuwa hakuna kazi nyingine duniani inayomweka mtu kitako kutwa nzima kichwa chake kikiwa magotini pako na masikio yake yakiwa hapo hapo. Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Ulimi wake ulikuwa mwepesi zaidi.

Wito wake ulimjia kwa njia ya aibu. Alikuwa bado msichana aliposimulia jambo dogo alilolisikia kwa binti aliyekuwa akimsuka kwa ajili ya harusi yake. Jambo lile likatoka kigoda hiki likaenda kile, likaota miguu na mikono, na harusi ikavunjika. Alilia mpaka macho yakavimba, akaenda kuungama. Padre mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Mwanangu, sikuambii uukate huo ulimi. Nakuambia uutafutie kazi." Maneno hayo aliyabeba maisha yake yote. Siku ile ile alijiwekea sharti ambalo baadaye kila mteja alilijua: mtu akishasukwa naye, hasemwi uani kwake hata chembe, mpaka siku atakapofumua nywele. Akina mama walicheka, lakini walilishika. Wapo waliokuja kusukwa si kwa ajili ya urembo, bali kwa sababu wiki hiyo walikuwa na mambo yao.

Aliolewa, akafiwa na mume mapema, na Mungu hakumjalia mtoto. Alihamia katika nyumba kubwa ya wapangaji, vyumba vimezunguka ua, chini na juu, na chumba chake kikiwa cha kwanza ukiingia langoni. Hapo aliweka vigoda vyake, na ua ule haukuwahi kuwa mtupu. Hakuweza kula peke yake. Akiivisha chakula alisimama mlangoni akiangalia nani anapita, na aliyepita alikula, apende asipende.

Kisha ukaja ule ugonjwa ulioifunga dunia nzima majumbani. Tangazo lilipotoka kwamba watu wasikusanyike, vigoda vilipangwa ukutani, milango ikafungwa, na nyumba iliyokuwa kama soko ikanyamaza kama shule wakati wa likizo. Kwa Mama Chanuo hilo lilikuwa jaribu zito kuliko njaa. Alijikuta anaisemesha sufuria. Siku moja alimsikia mtoto wa jirani akimuuliza mama yake kama watu wa nyumba hii wamehama wote, na hapo akaona imetosha. Jua lilipoanza kupoa alifunga barakoa yake, akasimama katikati ya ua, mbali na kila mtu, akaanza kuita mlango mmoja mmoja. "Hodi mlango wa mwalimu. Hodi mlango wa mama pacha. Mpo?" Madirisha yakafunguka. Habari za ugonjwa alikataa kuzitoa, akisema kwa hizo redio inatosha. Alitoa zile ndogo ndogo: mtoto wa fulani kaota jino, mtu wa juu kaunguza maharage mara mbili na bado anajiita mpishi, paka wa mwalimu ana nyumba mbili na huko kwingine anaitwa jina lingine. Watu walicheka wakiwa wameegemea madirisha, wakajibizana, wakataniana toka juu hadi chini. Jioni ikawa inangojewa kama sikukuu.

Lakini kulikuwa na mlango mmoja ambao hakuuita. Juu, kule mwisho, aliishi muuguzi wa hospitali, msichana mpole waliyemwita Nesi tu, aliyetoka alfajiri na kurudi jua likizama. Mara ya kwanza Mama Chanuo alimwita kama wengine, na madirisha mawili yakafungwa papo hapo. Watu waliogopa hata kusikia kwamba yumo. Kesho yake akamruka, asiharibu raha ya jioni. Kesho kutwa akamruka tena. Dhambi yake kubwa, kama alivyosema mwenyewe baadaye, haikuwa neno alilolisema. Ilikuwa jina alilolinyamazia.

Hofu ikazidi. Aliyekuwa mbele ni fundi redio wa chini, si kwa ubaya, maana aliishi na mama yake mzee mwenye pumu, na kila mara mama huyo alipovuta pumzi kwa shida, fundi alitazama juu kule mwisho. Wapangaji wakakubaliana wabadili kufuli la lango, Nesi akirudi asikute njia. Ufunguo wakampa Mama Chanuo, kwa kuwa lango lilikuwa karibu na mlango wake. Aliupokea. Mtu aliyependa kupendwa na nyumba nzima hakuwa na nguvu za kuikatalia nyumba nzima.

Jioni hiyo lango liligongwa taratibu. "Mama Chanuo, ni mimi. Nimeshaoga kazini, nguo nimebadili."

Madirisha yote yalikuwa wazi na hakuna kichwa kilichoonekana. Nesi alijaribu ufunguo wake, chuma kikakwaruza, kikakataa. Akaelewa. Akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka hata kukasirika, "Basi sawa. Naomba mnirushie sweta langu tu, nitalala kwenye benchi kule wodini." Akangoja. Akaongeza, polepole, "Mama, jioni nikirudi mapema huwa nakusikia unavyoita. Huwa nakaa karibu na dirisha nangoja mlango wangu."

Mama Chanuo alisema baadaye kwamba ufunguo ule ulimchoma kiganja kama kaa la moto. Alifungua kufuli.

"Mama Chanuo," fundi redio akaita kutoka dirishani, "mama yangu ana kifua. Unanielewa?"

"Nakuelewa, baba. Mimi pia naogopa, tena kukushinda, maana wewe una mtu wa kukuzika." Akamgeukia Nesi, akarudi nyuma hatua chache kumpisha. "Ingia, mwanangu. Kesho Jumapili huendi kazini. Njoo hapa uani nikusuke."

"Mama, nisije nikakuletea matatizo."

"Basi wewe ndiye mwenye elimu hiyo, nipe masharti. Nitayafuata."

Nesi aliyatoa, na kesho yake yakafuatwa: barakoa kwa wote wawili, mikono kwa sabuni, nje penye upepo, na Mama Chanuo asisogelee mlango wa bibi mwenye pumu mpaka siku ambazo Nesi alizitaja zipite. Nyumba nzima ilikuwa madirishani. Kila mmoja alijua maana ya kukaa kwenye kigoda kile: kuanzia hapo Nesi hasemwi. Walipoona Mama Chanuo ameanza na nywele nyembamba kama uzi, zile zinazokaa muda mrefu kuliko zote, mama pacha akaguna. "Huyu mama ana hila. Hizo zitafika Krismasi."

"Na zikichakaa nazirudia," akajibu Mama Chanuo.

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwa mchana ule, na hapa ndipo watu wa nyumba ile huuhesabu muujiza wake wa kwanza. Nesi, ambaye kwa majuma mengi hakuguswa na mkono wa mtu asiye mgonjwa, aliegemeza kichwa kwenye goti la msusi na kulala usingizi mzito, mdomo wazi. Mama Chanuo alinyamaza. Mwanamke ambaye hakuwahi kunyamaza hata kanisani wakati wa kutafakari, alisuka mchana mzima bila neno, akiwaonya kwa jicho waliofungua midomo. Mwalimu alianza kutembea kwa soksi. Fundi redio akazima redio iliyokuwa mezani, kisha ile ya pili, kisha ya tatu.

Mama yake akauliza kutoka kitandani, "Kuna nini huko nje? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Nesi amelala."

"Amelala wapi?"

"Uani. Anasukwa."

Bibi akafikiri. "Basi mfunikeni miguu. Jua likienda kule kuna upepo." Na fundi redio, aliyelileta lile kufuli, ndiye aliyetoka na shuka, akaliacha mbali kidogo, Mama Chanuo akaliokota.

Tangu siku hiyo mlango wa kule mwisho ulikuwa wa kwanza kuitwa. Nesi akiwa hajarudi, nyumba nzima iliitikia kwa niaba yake, "Yuko kazini, yuaja," na lango halikufungwa mpaka aingie.

Msimu wa pili wa ugonjwa ulipofika, ulimkuta Mama Chanuo. Alikoupatia hakuna ajuaye, na mwenyewe alikataza watu wasitafute. Nesi alimlaza katika wodi aliyofanya kazi. Hata huko, pumzi ikiwa fupi, alikuwa amejua kabla ya mchana nani ana wajukuu wangapi na nani haongei na shemeji yake. Nywele zilipoanza kumwumiza kwenye mto, Nesi alizifumua akazisuka upya, mistari ikaenda upogo. Mama Chanuo akazipapasa. "Mwanangu, umenisuka au umefunga mzigo?" Akacheka mpaka Nesi akamsihi apumzike.

Asubuhi ya mwisho aliinua kidole kuelekea kona ya wodi. "Kile kitanda cha kule, kalala nani? Toka jana hakuna anayemsemesha."

"Sijui, mama. Aliletwa usiku."

"Nenda kamsalimie. Halafu uje uniambie."

Nesi akaenda. Aliyelala pale alikuwa mwashi, mgeni katika mji ule, ana binti anayejifunza ushonaji, na aliogopa kuomba maji kwa sababu wauguzi walionekana wana kazi nyingi. Nesi alimpa maji, akakaa naye kidogo. Aliporudi, Mama Chanuo alikuwa amekwisha kulala katika Bwana, uso ukiwa umeelekea kona ile. Nesi hakuita mtu kwanza. Aliinama sikioni pake, akamsimulia habari zote za mwashi, hakubakisha hata moja.

Walioruhusiwa kumzika walikuwa wachache. Yako mengi yanayosemwa juu yake tangu hapo: kwamba mama pacha, aliyekuwa hasemi na dada yake, alimwota na asubuhi akapiga simu, kwamba mwashi alipona, na kila mwaka huja kukarabati kaburi bila kuombwa. Kanisa lina utaratibu wake wa kupima mambo kama hayo, nasi hatuutangulii. Tunachojua ni kwamba Nesi bado anaishi katika chumba kile cha juu, na mama yake fundi redio, akibanwa na kifua, humwita yeye kabla ya kumwita mwanawe.

Basi wewe unayependa watu, unayependa stori na nyumba iliyojaa, usidhani Mungu amekunyima njia ya utakatifu kwa sababu huwezi kukaa kimya. Raha yako ya jioni ihesabu upya: ndani yake yupo mtu uliyemruka ili wengine wafurahi. Mwite kwa jina, sauti isikike kwa majirani. Mama Chanuo atuombee.