Mlango wa Chumba cha Marefa

Ukimwona Marit Tollefsrud kwa mara ya kwanza, unamkuta ameinama, akiutazama uwanja juu chini kupitia miguu yake. Ndiyo kazi yake. Timu ya futiboli ya Kimarekani ikishindwa kusonga mbele vya kutosha katika majaribio matatu, mpira hupigwa mbali kwa mguu, na kabla haujapigwa lazima mtu aurushe nyuma kwa kasi hadi mikononi mwa mpigaji. Akiurusha vizuri, hakuna anayemtaja. Akikosea, uwanja mzima unamjua kwa jina.

Katika chuo kidogo cha Prairie Fork, Dakota ya Kaskazini, hakuna mwanamke aliyewahi kuichezea timu ile. Marit aliipata nafasi ya akiba baada ya kurusha mpira majira yote ya joto kwenye ukuta wa ghala la ngano la baba yake. Wavulana hawakumtendea ubaya. Walimpisha mlangoni, wakamwita Tolly, wakanyamaza alipokaa mezani kwao. Mwishowe akawa anabeba sinia lake hadi meza ya dirishani, akala akitazama upepo ukilaza nyasi.

Nguo alibadilishia katika chumba cha marefa, peke yake, kwenye benchi la watu watano. Upande wa pili wa ukuta aliwasikia wenzake wakicheka, asijue wanachekea nini.

Mwezi wa Oktoba mrushaji wa kwanza akavunjika kidole.

"Jumamosi atarusha Tollefsrud au Petrowski," alisema Kocha Brandvold. "Aamue Wendell. Mpira ukichelewa, mbavu zitakazovunjika ni zake."

Wendell Kruse ndiye aliyekuwa mpigaji. Kwenye mazoezi ya Jumanne alisimama nyuma, akainua mikono, ishara waliyoizoea. Marit akarusha. Mpira ukamgonga Wendell kwenye helmeti, maana alikuwa bado anatazama pembeni.

"Tolly, mbona mbio hivyo?" beki mmoja akapaza sauti. "Umeacha chungu jikoni?"

Wakacheka. Wendell hakucheka. "Mikono ni ya kuwazuga wapinzani. Ishara sasa ni mguu wa kulia. Si tulibadilisha jana?"

Marit alielewa papo hapo walikobadilishia: ng'ambo ya ukuta, katikati ya mataulo mabichi. Angeweza kusema. Lakini tangu msimu uanze hakuwa amelalamika hata mara moja, na alihofu kwamba lalamiko lake la kwanza ndilo walilokuwa wakilisubiri.

"Nimekosea," akasema. Petrowski akaingia mahali pake.

Jioni baba yake akapiga simu. "Wanakutunza huko?"

"Wananitunza."

"Unakula na nani?"

Marit akaitazama sahani yake na kiti kitupu mbele yake. "Na timu, Baba."

Alhamisi, kabla ya mazoezi, mlango wa chumba cha marefa uligongwa.

"Umeshavaa?" Ilikuwa sauti ya Wendell.

"Nimevaa."

Akafungua, akabaki kizingitini. "Nimewauliza wale nani alikuambia habari ya mguu. Kila mmoja alidhani mwenzake amekuambia. Hata mimi." Akajikuna shingo. "Mbona hukusema?"

"Ningesema ungefanyaje?"

Wendell akafikiri. "Ningekasirika. Halafu ningekuja hapa hapa." Akatazama sakafu. "Petrowski anarusha kama anamwagia kuku mahindi. Nimemwambia kocha nakutaka wewe."

Marit akasogea kwenye benchi ili kumpa nafasi, lakini Wendell alikuwa ameshaondoka.

Jumamosi jukwaa lilijaa. Baba yake alikuwa ameendesha gari tangu alfajiri, na sasa aliketi juu kabisa, mikono mapajani. Prairie Fork wakaanza na mpira. Jaribio la kwanza halikuwasogeza. La pili likawasogeza kidogo. Kocha akamwita Marit karibu, akamwambia ajiweke tayari endapo la tatu litakwama, na wenzake wote wakasonga hadi ukingo wa mstari wakipiga kelele timu isonge mbele.

Marit akafunga kamba ya helmeti chini ya kidevu. Katika uwanja mzima ule, upande wa nyumbani, ni yeye peke yake aliyekuwa akiomba moyoni, kwa aibu, wakwame. Jaribio la tatu likaanza.