Tathmini ya ndani: tangi limejaa Mnyambe, akina mama wanateka bondeni

Wakuu, nawasalimu kutoka Masasi. Haya sikusimuliwa, yamenikuta mwenyewe.

Nafanya M&E (ufuatiliaji na tathmini ya miradi) kwenye shirika kubwa la kimataifa, jina kapuni. Kwetu mtathmini alikuwa anapanda gari la mradi, na ripoti yake inapitia kwa meneja wa mradi huohuo. Mkataba wangu anausaini nani? Yeye. Jiongezeni.

Tulijenga tangi la maji ya mvua Mnyambe, Newala, kwa kikundi cha akina mama. Kila tukienda ni vigelegele, khanga zinatandikwa chini, kuku anachinjwa. Ukiuliza tangi vipi, jibu ni "tunashukuru sana."

Sasa nani kule atamlaumu mgeni aliyekuja na gari lake?

Makao makuu wakafurahi, wakataka vijiji vingine vijengewe vivyo hivyo.

Mie roho ikakataa. Nikaomba niende peke yangu, basi hadi Newala, kisha bodaboda. Njiani nikakutana na Mama Salima, mwanakikundi, anapanda kutoka bondeni na ndoo kichwani.

"Shikamoo mama. Tangi limekauka?"

"Marahaba mwanangu. Limejaa. Ila mmeliweka uani kwa mwenyekiti wa kijiji, na yule mkwe wangu. Niingie kwa mkwe na ndoo kila asubuhi, sina haya mie?"

Wakuu, nilichoka! Na wenzake kadhaa wameolewa ukoo huohuo.

Nikaandika kama nilivyosikia. Kutuma ile email niliogopa kweli, nina watoto wanasoma.

Meneja alininunia. Halafu naye akapanda bodaboda, akaenda kuwasikiliza mwenyewe. Aliporudi, yeye ndiye aliyemwomba mkurugenzi awe anapokea ripoti za tathmini moja kwa moja, na mtathmini asisafiri na watu wa mradi. Yule mama meneja namheshimu mpaka leo.

Bomba likavutwa hadi nje ya ua, kando ya barabara. Vijiji vipya, akina mama wanaulizwa kwanza, bila wenyeviti.

Juzi nimepita tena. Mama Salima anakinga maji, kaniona tu: "Afadhali umekuja. Hii koki yenu mbovu, inavuja."

Hakuna vigelegele, hakuna kuku. Nilicheka njia nzima kwa furaha.

Nilichojifunza: ukisifiwa tu field, bado hujaambiwa kitu. Wadau wa mashirika, kwenu ripoti inapitia kwa nani? Funguka hapa, na mnaobisha karibuni pia.