Mbwa Aliyevuka Peke Yake

Nilikuwa katika mwaka wangu wa pili wa ualimu pale Kitaya, nikifundisha darasa la kwanza, msichana mgeni kutoka Upare ambaye Kimakonde chake hakikuzidi salamu. Ng'ambo ya Ruvuma kulikuwa na vita. Mchana tulisikia ndege za Wareno, na asubuhi tuliwakuta watu wapya wamekaa nje ya ofisi ya kijiji, nguo zimelowa mpaka kifuani, wakisubiri kuandikishwa. Tulizoea. Naona aibu kusema hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Asubuhi moja ya masika, mvuvi aliyekuwa akituuzia samaki walimu alifika kwangu na kikapu, na ndani ya kikapu mlikuwa na mbwa. Alimkuta kwenye mtumbwi uliokwama katika matete, chini kidogo ya kijiji. Mtumbwi ule haukuwa na mtu wala kasia. Mvuvi alisema kwake hawezi kumweka, yeye ni mtu wa swala, ila alishindwa kumwacha aliwe na mamba. Alisikia kwamba sisi watu wa bara tunafuga mbwa.

Alikuwa mbwa mdogo, rangi ya mchanga uliolowa, sikio moja limekatika ncha. Shingoni alifungwa utepe mrefu uliochanwa kwenye kitenge, na ncha ya pili ya utepe ilikuwa na kitanzi, kidogo kiasi kwamba mkono wangu usingepita. Ulikuwa unanuka tope. Niliukata kwa wembe nikautupa motoni, kisha nikamchemshia mbwa uji.

Hakubweka hata siku moja. Ndege zikipita aliingia chini ya kitanda changu, akatulia humo hadi jioni. Nilimjaribu kwa kila jina nililofikiri mbwa anaweza kuitwa, hakugeuza hata kichwa. Lakini kengele ya mchana ilipolia na watoto wakatoka mbio, alikuwa amekwisha fika njiani. Wavulana aliwaacha wapite. Wasichana wakubwa aliwaacha wapite. Aliwafuata wale wadogo wa kimo fulani, wa darasa langu, akawanusa viganja mmoja baada ya mwingine, halafu akarudi nyumbani peke yake, mkia chini. Mwanzoni watoto walicheka. Baadaye wakaanza kuficha mikono nyuma.

Mama wa mtoto mmoja alinijia. Hakuja kwa ugomvi. Alikaa kwenye mkeka, akakubali maji, tukazungumza habari za mvua, na alipokuwa anaaga ndipo akasema lililomleta.

"Mbwa huyu anatafuta mtu, Mwalimu. Sitaki ampate kwangu."

Wiki hiyohiyo mwalimu mkuu aliniomba nimwondoe. Nilikuwa nimekwisha pata barua ya kuhamia shule ya Mtwara mjini, nikamtia mbwa kwenye kikapu cha mvuvi tukapanda lori.

Mwenye nyumba niliyopanga kwake alikuwa mjane wa makamo, mswalihina, na alinipokea vizuri. Alipoona kilichomo kikapuni aliivuta kanga yake pembeni. Hakunifukuza. Alisema mbwa akae uani, karibu na mpapai, asivuke kizingiti, nami nimtafutie mahali ndani ya siku saba. Kila asubuhi aliniuliza kwa upole kama nimepata.

Nilimwuliza karani mmoja wa bandarini, mtu wa kwetu, aliyekuwa anataka mbwa wa kulinda. Alipomwona alicheka, akasema huyo atalindwa na paka. Mkulima mmoja wa korosho kutoka Nanyamba alikubali kumchukua, nikashusha pumzi. Siku ya tano alimrudisha ndani ya gunia. Aliniambia hana ubaya na mnyama, ila hafai kwa shamba kwa sababu habweki, na kila mchana anasimama njiani kuwangoja watoto wa shule. Binti zake wadogo wawili walikuwa wameacha kulala. Nilipofungua gunia mbwa hakutoka. Ilibidi nimwinue.

Karibu na shule yetu alikuwa akikaa bibi mmoja akiuza mihogo ya kuchemsha. Alivuka mto miaka michache kabla, na sasa alikuwa na kibanda na shamba dogo upande wa Mtawanya, anakaa peke yake. Siku ile nilipita hapo na mbwa chini ya kwapa, nikielekea sijui wapi, maana siku saba zilikuwa zimekwisha na mwenye nyumba alikuwa ameacha kuniuliza. Bibi alimtazama mbwa. Akabana midomo, akatoa mlio mwembamba, kama mtu anayefyonza tunda lenye maji.

Mbwa aliruka kutoka mikononi mwangu, akaenda kukaa mbele yake wima, masikio yamesimama.

"Kule kwetu juu mlimani, ng'ambo, mbwa huitwa hivyo," alisema.

Sikutaka kumficha kitu. Nilimweleza juu ya mtumbwi, juu ya watoto na viganja vyao, juu ya binti za Nanyamba. Alisikiliza huku akimenya muhogo, akamtupia mbwa kipande.

"Hata mimi kuna ninaowatafuta, mwanangu. Hatutasumbuana."

Nilienda kuwaona baada ya juma moja, nikiwa na hofu ya kurudishiwa kikapu. Ilikuwa mchana, na kibandani hapakuwa na mtu. Niliwakuta barabarani. Bibi alikuwa amekaa kwenye jiwe, miguu ameinyoosha, mbwa kando yake. Watoto wa shule walipita, mbwa akawanusa wale wadogo mikono, bibi akiwaambia wasiogope. Mtoto wa mwisho alipopotea kwenye kona, bibi aliinuka, akajipangusa vumbi, akatoa mlio wake, wakarudi nyumbani wote wawili kama watu waliomaliza kazi ya siku. Alifanya hivyo kila siku ya shule. Sikumwomba, naye hakunieleza.

Ulipita karibu mwaka mzima. Kisha akaja mtu shuleni kuniulizia.

Alikuwa mwembamba, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, kofia mkononi. Kiswahili chake alikisema polepole, akitafuta maneno. Alikuwa ametoka Kitaya, ambako mvuvi alimweleza kwamba mbwa alichukuliwa na mwalimu wa kike aliyehamia mjini. Nilimpa kiti katika chumba cha walimu, hakukaa.

Alisema walifika mtoni yeye, mkewe na binti yao wa miaka saba. Walipofika mtumbwini mkewe hakuwepo nyuma yao. Alimpandisha mtoto pamoja na mbwa, akarudi porini kumtafuta mama. Mke hakumpata. Aliporudi ukingoni mtumbwi haukuwepo.

"Nilimwambia ashike kamba ya mbwa asiogope. Nilimwambia asiachie mpaka nirudi."

Nikaelewa yale mambo ya viganja. Sikumwambia. Aliniuliza kama mbwa alikuwa na kamba shingoni, nikasema alikuwa nayo. Akaniuliza iko wapi. Nikasema niliichoma, ilikuwa inanuka. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo la kawaida.

"Kile kitanzi, Mwalimu. Kilikuwa kizima au kimekatika?"

Alinitazama. Niliona kwamba njia yote kutoka Kitaya alikuwa amelibeba swali hilo. Kama kitanzi kilikuwa kizima, basi mtoto aliutoa mkono mwenyewe, akashuka, au kuna mtu aliyempokea. Kama kilikatika, ni maji.

"Kilikuwa kizima," nilisema.

Sijui kama ni kweli. Nakiona kitanzi kile, nakiona kilivyokuwa kidogo, lakini fundo lake silioni. Nilikishika kwa vidole viwili, uso nimeugeuza pembeni kwa sababu ya harufu. Siku hiyo nilijibu haraka, bila kufikiri, kama mtu anavyonyoosha mkono kumdaka anayeanguka.

Nilimpeleka Mtawanya. Mbwa alimjua kabla hajafika uani. Alilia kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, akajikojolea, akatambaa kwa tumbo mpaka kwenye viatu vyake. Yule mtu alipiga magoti akamkumbatia. Halafu mbwa akajitoa mikononi mwake, akamzunguka, akaenda njiani kutazama nyuma yake, akarudi, akaenda tena.

Bibi alizungumza naye kwa lugha yao, muda mrefu. Nilidhani ataondoka na mbwa, na nilimwona bibi amekwisha kunja kipande cha gunia alichokuwa akimlalishia. Lakini yule mtu alikataa. Alinigeukia mimi akaeleza kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie.

"Nikikaa naye, kila siku ataniuliza yuko wapi."

Akasema yeye anaendelea na safari. Kulikuwa na kambi za wakimbizi ambazo hajafika, na vijiji vya mtoni, na misheni zilizopokea watoto wasio na wazazi. Kwa kuwa kitanzi kilikuwa kizima, alisema, mtoto yupo mahali. Akanishukuru kwa mikono miwili. Alikuwa na uso wa mtu aliyelala usingizi mzuri.

Alirudi mara mbili katika miaka iliyofuata, kila mara amekonda zaidi, akakaa na mbwa kivulini kidogo, akaondoka. Mara ya pili nilikwenda nikiwa nimeazimia kumwambia kwamba sina hakika. Nilimkuta anakula mihogo. Alinieleza habari za mtoto mmoja aliyemsikia yuko misheni fulani, mbali, na kwamba atakwenda mvua zikiisha. Niliulizia hali ya njia.

Mbwa alikufa nchi yao ya ng'ambo ya Ruvuma ilipokaribia kupata uhuru. Bibi alimzika nyuma ya kibanda, na miezi michache baadaye akafunga mizigo yake arudi kwao. Alinikabidhi ujumbe: yule baba akija, nimwonyeshe kaburi, nimwambie mbwa hakuteseka. Nilikubali. Lakini mimi nami nilihamishwa kabla ya mwaka kwisha, na mpaka ninaondoka hakuwa ametokea. Nilimwachia ujumbe mwalimu aliyepokea darasa langu. Ule wa bibi niliuandika wote, kwa mwandiko mzuri. Wa kwangu, ule wa kitanzi, sikuuandika, na sijui kama yule mtu alikuja.