Redio Niliyoiita Chafu

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, nikiwa binti mwenye kichwa kigumu, baba alinituma Nyakato kwa Mzee Lameki, aliyekuwa akiuza vyombo vya Mwingereza mmoja aliyerudi kwao. Jumapili ile kaka yangu Petro angeimba na kwaya yake redioni kutoka Dar, na baba, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kuona, alitaka kuisikia sauti ya mwanawe.

Nilikuta redio mbili za Kiingereza, zinafanana kama mapacha, Kulwa na Doto. Mzee Lameki akanifungulia migongo ya redio hizo. Moja ndani safi, inameta. Nyingine imepakwa vanishi kila waya, inanuka. Nikamwambia hiyo chafu abaki nayo, nikabeba ile safi.

Nikapita Kirumba kwa Fundi Masalu anifungie plagi. Kabla hata ya kuitikia shikamoo yangu, alicheka mpaka akaweka bisibisi chini.

"Wewe Nyanzala, umemletea baba yako redio ya kusikilizia huko Uingereza. Hii Dar haiipati."

Nikamjibu kwa jeuri kwamba redio ni redio, na kwamba nyingine nimeiacha kwa kuwa ilikuwa chafu, imejaa vanishi. Hakunigombeza. Kwa kuwa kusoma kulinishinda, alinishika kidole akakipitisha kwenye kioo cha stesheni: mistari miwili tu, masafa ya kati na masafa marefu. Akasema zile walizoziunda zije nchi za joto zina pia mistari ya masafa mafupi, ndiyo yanayoleta sauti ya mbali, na vanishi ile ni kinga ya unyevu na wadudu.

"Hiyo unayoiita chafu ndiyo iliyovalishwa kuja kwako."

Nilivyotimua mbio kurudi Nyakato! Mzee Lameki alinibadilishia, akinitania kwamba hata bibi harusi harudishwi haraka hivyo.

Jumapili, Petro alipoanza sauti yake ya besi, baba alisimama, akaisogelea redio kwa kupapasa, akamwambia mwanawe:

"Tunakusikia, baba. Imba."

Mama akapiga vigelegele, majirani wakajaa mlangoni.

Basi mwanangu, nawaona mnavyozitafuta redio hizo za kale kwenye simu. Usidanganywe na ndani kunakometa. Hesabu mistari ya kioo, fungua mgongo wake, nusa. Na kitu usichokielewa usikiite kibovu. Uliza kwanza kiliandaliwa kwa ajili ya nani, na anayejua akikueleza, nyamaza umsikie.

Mungu akupe masikio mepesi, na nyumba yako isikose sauti za uwapendao.