Vichwa vya Migebuka kutoka Kapalamsenga

Nilisafiri kwa sababu ya Peru, nchi ambayo sijawahi kuikanyaga. Ninachanganya na kuuza chakula cha kuku Mpanda mjini, na kuku wa mayai bila unga wa samaki ni hasara tupu. China ndiyo inayoongoza kwa kuvua baharini, lakini Peru ndiyo mfalme wa unga wa samaki. Huko kuna dagaa waitwao anchoveta, na miaka mingi hakuna samaki wa baharini anayevuliwa kwa wingi kuliko wao. Bahari yao ilipopata joto, dagaa wakaadimika na uvuvi ukasimamishwa. Bei ikapaa, wakala wangu wa Dar akaacha kuagiza. Wifi yangu Zubeda, aliyeanza kufuga kwa kunisikiliza mimi, akaniambia kuku wamekoma kutaga na mwisho wa mwezi anawauza wote. Roho iliniuma. Nikafunga duka.

Asubuhi nilitoka Mpanda na lori lililokuwa linafuata mahindi Sibwesa. Dereva aliposikia natafuta dagaa wa kuku alicheka.

“Nyie watu wa mjini mna hela.”

Sibwesa nilishuka na vumbi hadi kwenye kope, nikapanda pikipiki.

Jioni nilifika Kapalamsenga, kando ya ziwa, kwa shangazi wa mume wangu. Yeye hukausha samaki na kuuza. Nilimkuta akianua dagaa kwenye chanja, wasafi kabisa.

“Hawa siuzi kwa kuku, mwanangu,” alisema. “Watu wanawagombania kwa mboga.”

Nikamweleza kwamba Peru dagaa karibu wote husagwa, wakawa chakula cha mifugo na cha samaki wa kufugwa.

“Na wenyewe wanakula nini?”

“Wana samaki wengine, shangazi.”

“Basi wana bahati. Sisi tunakula hawahawa.”

Alikuwa na haki. Lakini sikuwa tayari kurudi mikono mitupu.

Kesho yake alikuwa akikata vichwa vya migebuka, samaki wakubwa kuliko dagaa, ili wakauke haraka, na vichwa anawarushia kunguru. Hapo akili yangu ikafunguka. Nilimwambia kwamba Marekani na Urusi wanavua poloki, samaki mwingine wa mstari wa mbele duniani, na viwanda vyao husaga vichwa na mifupa.

“Vichwa kama hivi?”

“Hivyohivyo. Tuvichemshe, tuvianike, mimi nitasaga.”

“Wenzangu watatucheka.”

“Wacheke, sisi tunaanika.”

Tulichemsha, tukaanika. Vilipokauka nilirudi Mpanda na magunia yangu nyuma ya lori, maana dereva alikataa katakata nikae naye mbele na harufu ile. Nikavisaga, nikachanganya chakula, na mfuko wa kwanza nikampelekea Zubeda.

Nilichojifunza ni kwamba bahari ya mbali inaweza kutikisa duka la Mpanda, na kwamba mwenye kufuatilia habari zake ana pa kuanzia siku mambo yakiharibika.

Mwisho wa mwezi Zubeda alikuja dukani na trei la mayai, akaliweka juu ya kaunta.

“Wifi, chakula chako kinanuka.”

“Najua.”

“Nipe mifuko miwili.”